Zamu za Usiku na Mtoto wa Jina Langu

Wanachama wenzangu wa laini ya nne ya mradi wa maji, Mungu ametuamsha leo tukiwa wazima, na kwangu hilo si jambo la kusemwa haraka haraka. Nawasalimu. Wale mnaomalizia chai hapo nyuma, malizeni pole pole, mimi sikimbizi mtu.

Mwenyekiti ameniambia nieleze kwa nini mtu aliyekuwa akishika maji ya usiku kwa misimu miwili sasa hayataki tena kama zamani. Nimesikia maneno yenu. Wengine mmesema nimezeeka. Wengine mmesema mke wangu amenikataza, na huyo aliyesema hivyo hakukosea sana. Nitaeleza yote kama yalivyokuwa. Sitataja mtu kwa jina, kwa hivyo usianze kukohoa ukiona nimekukaribia.

Kwa sababu leo tuna wageni, wacha nianzie mbali kidogo. Sisi wa Kibirichia upande huu tunalima waru, yaani viazi, na kiangazi kikija tunanyunyizia kwa maji ya mradi. Maji yanatoka msituni kwa bomba moja na mashamba ni mengi, kwa hivyo tunapokezana. Mmoja ana zamu ya mchana, mwingine ya usiku. Maji ya usiku yana nguvu, kwa maana watu wa juu wamefunga yao na kulala. Lakini hakuna anayeyapenda. Ukishika zamu hiyo, unaamka kila baada ya muda mfupi kuhamisha mipira na sprinkla kutoka mstari mmoja hadi mwingine, umelowa mpaka magotini, na baridi ya huu mlima hamhitaji mimi niwaeleze.

Nilianza kwa roho nzuri. Kuna mama mjane katika laini yetu, ana watoto wadogo, akaniomba tubadilishane, yeye achukue mchana wangu nami nichukue usiku wake. Nikakubali. Halafu akaja mzee mwenye mgongo mbaya. Halafu akaja mmoja ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, alipenda kulala tu. Yuko hapa, namwona anacheka. Wote niliwachukulia. Kufika kiangazi kilichofuata, usiku nne kwa wiki, wakati mwingine tano, zilikuwa zangu.

Na waru zilikubali, siwafichi. Mliziona wenyewe. Watu walikuwa wakisimama kwa ua langu kuangalia. Mkaanza kuniita Mzee wa Usiku, na jina hilo nililivaa kama koti jipya. Nikienda kupeleka maziwa, nikikaa na wazee kwenye harusi, lazima ningepata nafasi ya kusema kwamba mimi silali. Nilikuwa nasema hivyo kama mtu mwingine anavyosema kijana wake ni daktari. Ndugu zangu, nawaambia, nilifika mahali pa kumdharau mtu kwa sababu tu amepumzika.

Mtaniuliza, sasa mzee, si ungelala mchana? Mnajua wenyewe kwa nini. Hapa kwetu mwanaume akionekana kitandani saa nne ya asubuhi, majirani wanaingia kuuliza amelazwa lini na ameandikiwa dawa gani. Kwa hivyo nilikuwa nakaa shambani na jembe mkononi, macho wazi, akili haipo. Siku moja nilisinzia nikiwa nimeegemea hilo jembe. Nikasikia mlango wa ua unafunguliwa. Nilishtuka, nikaanza kuchimba kama mtu aliyefukuzwa. Nilichimbua mashina matatu ya waru ambazo hata hazijakomaa, ili jirani anione nafanya kazi. Yeye alikuwa amekuja kuazima pampu ya dawa. Akaziangalia zile waru ndogo, akaniangalia mimi, akachukua pampu akaenda zake. Mpaka leo hajaniuliza, na ninamshukuru.

Ili nisilale usiku nilikuwa natafuna miraa. Rafiki yangu wa upande wa Muthara, wanakoilima, hakuwa ananinyima. Natafuna, nahamisha mipira, natafuna. Asubuhi nakunywa chai ya rangi kikombe juu ya kikombe, siku inaendelea.

Halafu homa ikanijia. Si homa ya kutisha. Mafua tu, yale ya kila mtu, pua inamiminika, koo inawasha. Yalikaa wiki mbili, yakaenda, na kabla sijarudisha leso mfukoni yakarudi. Mara ni koo. Mara ni sikio. Mara vidonda vya mdomo hata githeri, mahindi na maharagwe yetu, siwezi kutafuna. Mtu akipiga chafya sokoni, mimi ndiye naugua. Nililaumu baridi, nikanunua kofia ya mavin, ile ya kufunika mpaka masikio, na jaketi zito. Nililaumu vumbi la waru. Nililaumu dawa ya kunyunyizia. Nilikunywa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na asali, vyote kwa pamoja, mpaka mke wangu akasema hawezi kukaa na mimi meza moja. Kwenye kemisti nilikuwa naingia na kuonyesha koo kwa kidole tu, napewa vidonge. Nikipata nafuu siku ya pili natupa vilivyobaki kwenye droo. Hilo pia lilikuwa kosa, na nitawaambia nani alinigombeza kwa ajili yake.

Sasa sikilizeni, kwa maana hapa ndipo penyewe.

Kijana wangu wa kwanza alioa msichana wa kule Runyenjes, Embu. Ni mwalimu, amelelewa vizuri, ana heshima. Wamejenga kwa boma langu, mlango wao na wangu ni hatua chache. Wakapata mtoto wa kwanza, mvulana. Mnajua desturi yetu: mvulana wa kwanza ni wa baba ya baba yake. Yule mtoto aliitwa jina langu. Kwa hivyo hakuzaliwa mjukuu tu hapo nyumbani. Nilizaliwa mimi.

Lakini alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo sana, akakaa hospitalini kwa muda kabla ya kuletwa. Siku aliyoletwa nilioga, nikavaa koti la Jumapili, nikaenda kumwona. Nilipofika mlangoni nikapiga chafya mara tatu. Mkaza mwanangu akaja, akainama kwa heshima, akaniambia, "Baba, mtoto amelala."

Sawa. Mtoto mchanga hulala. Nikarudi kesho yake. Akasema mtoto ananyonya. Kesho kutwa mtoto anaogeshwa. Nikaja jioni, mtoto anaogeshwa tena. Nikajiuliza huyu mtoto wa Embu huoga mara ngapi kwa siku, kwani ni samaki? Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mtoto mwenye jina langu nilikuwa nimemwona akiwa kwenye blanketi tu, kwa mbali, kama mtu anayepitishwa na gari.

Siku moja nikiwa mlangoni akaniambia mtoto amelala, na mimi nikamsikia kwa masikio yangu analia mle ndani. Niligeuka. Ndugu zangu, niliumia. Mimi si mtu wa kulia, lakini nilienda nikakaa nyuma ya zizi la ng'ombe muda mrefu. Nilijiambia, huyu msichana amesoma, ananiona mzee mchafu wa matope na miraa, hataki nimguse mtoto wake. Tangu siku hiyo nilikataa chai ya nyumba yao. Wakinisalimia naitikia nikiangalia kando. Nikamwita kijana wangu nikamwambia, "Mke wako amenificha mimi mwenyewe. Mwambie kama hanitaki, aseme."

Kijana akaangalia viatu vyake. Akasema, "Baba, si hivyo. Wewe ongea na mama tu."

Nikaenda kwa mama yake, nimejaa hasira. Alikuwa anachambua maharagwe. Hata hakuinua kichwa. Akaniambia, "Mzee, hakuna mtu amekukataa. Nesi alisema yule mtoto ni mdogo, mapafu yake hayajapata nguvu, mtu mwenye homa asimkaribie. Na wewe huu ni mwezi wa tatu pua yako haijakauka. Ulitaka msichana wa watu akuambie wewe, baba mkwe wake, usoni kwako, 'Kaa mbali na mtoto'?"

Nikasema, "Sasa wewe mbona hukuniambia?"

Akasema, "Nimekuambia ulale tangu mwaka jana."

Mnaelewa hapo. Kwetu mkaza mwana hawezi kumwamuru baba mkwe. Hata kumtaja jina ni kazi. Yule msichana alikuwa amebeba neno zito kwa miezi, akilifunika na maji ya kuogesha mtoto kwa sababu ya heshima, na mimi nikamrudishia kwa kununa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nikaamua kupona. Lakini kupona hakuamuliwi. Wiki hiyo hiyo homa ilishuka kifuani, nikawa napumua kwa shida, wakanipeleka dispensari kwa boda boda. Aliyenihudumia alikuwa daktari wa kike, mdogo kuliko binti yangu wa mwisho. Akanipima, akaandika, halafu akaniuliza swali ambalo hakuna mtu wa kemisti aliwahi kuniuliza.

"Mzee, unalala masaa mangapi?"

Nikamjibu kwa ile sauti yangu ya harusini. "Mimi? Mawili. Nikizidisha, matatu."

Nilitegemea ashangae kwa sifa. Aliweka kalamu chini. Akaniambia, "Mwili wako una askari wa kupigana na homa. Ukilala, ndipo unatengeneza wengine na kuwapanga. Hiyo kazi ina zamu yake, na zamu yake ni wakati umelala. Wewe umewanyima zamu miaka miwili. Sasa virusi vya mafua, ambavyo mtu mwingine anavipiga kwa siku chache, kwako vinakuta hakuna mtu."

Alinigombeza pia kwa vile vidonge vya droo. Akasema antibayotiki haisaidii mafua ya kawaida, na hii ya kifua aliyonipa nimalize yote hata nikipata nafuu. Halafu akasema nilale masaa saba kila usiku, na miraa niiache. Nikacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Nikamwambia, "Daktari, nikilala, waru zitanyweshwa na nani?" Akasema hilo swali niwaulize wanachama wangu, yeye hana bomba.

Nilimaliza dawa. Kifua kikafunguka. Kulala je? Sikulala. Niliporudi nilikuta zamu ni yangu, nikachukua tochi nikaenda. Mnaona kichwa cha mtu kilivyo kigumu. Nilitaka kumshika yule mtoto kuliko kitu chochote, na bado nilienda.

Kilichonisimamisha si akili yangu. Mnakumbuka ile mvua iliyobeba bomba kule juu msituni. Sisi sote tulilia. Wiki zile mafundi wakihangaika hakukuwa na maji ya mchana wala ya usiku, ila ya mvua. Mimi nilikuwa nazunguka boma kama kuku aliyepoteza vifaranga. Jioni ya kwanza mke wangu akaniambia, "Leo huna pa kwenda. Panda kitandani."

Nilidhani kulala ni kuweka kichwa chini. Nilikuwa nimesahau. Siku tatu za kwanza nilijigeuza tu, miguu inataka kwenda shambani, kichwa kinauma kwa kukosa miraa. Mke wangu akaninyima chai jioni, akanipa uji. Simu akaiweka jikoni. Akasema taa izimwe saa ile ile kila siku, kama watoto wa bweni. Siku ya nne au ya tano, sikumbuki vizuri, nililala nikaamka jua limepanda na ng'ombe wamekwisha kamuliwa. Niliona haya kutoka nje. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikisikiliza kama kuna jirani. Halafu nikagundua kitu. Nilikuwa napumua kwa pua zote mbili.

Wiki ya pili vidonda vya mdomo vilikauka. Wiki ya tatu, ile baridi ya baada ya mvua ikaleta homa kijijini, na mnaikumbuka, hata ibada ilikuwa ni kikohozi kitupu. Ikaingia kwa boma langu. Ikamshika kijana wangu. Ikamshika mke wangu. Kisha ikamshika mkaza mwanangu. Mimi nilikaa nikiingoja yangu. Niliweka leso tayari. Siku ya kwanza haikuja, ya pili haikuja. Naambiwa nisijidanganye, usingizi si ukuta, hata aliyelala vizuri anaweza kuambukizwa. Ni kweli. Lakini mara hiyo, katika boma lile lote, aliyekuwa mzima ni mimi peke yangu.

Asubuhi moja nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Nikamsikia mtu nyuma yangu anasafisha koo. Alikuwa ni mkaza mwanangu, amefunika mdomo na barakoa, macho mekundu kwa homa. Alisimama mbali. Akasema, "Baba, nesi amesema niendelee kumnyonyesha nikiwa nimejifunika, lakini akishashiba ashikwe na mtu ambaye si mgonjwa. Hapa nyumbani hakuna mwingine." Akaangalia chini. "Baba, naomba uje umshike mtoto."

Niliangusha panga. Nilinawa mikono mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni, mara mbili. Nikabadilisha shati. Nikakaa kwenye kiti, na mtoto akawekwa mikononi mwangu. Alikuwa amenona kuliko nilivyofikiri. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayejiuliza huyu alikuwa wapi siku zote hizi, kisha akashika kidole changu. Nililia mbele ya mkaza mwanangu, jambo ambalo si desturi. Yeye akageuka akajifanya anatafuta kitu kwenye kabati. Ana heshima yule msichana, nimewaambia.

Nilimshika siku sita, kati ya kunyonya na kunyonya. Wakati mwingine tulikuwa tunalala wote, yeye kwenye kitanda chake kidogo na mimi kwenye kiti kando yake. Mchana, saa nane, jua linawaka, mlango wazi. Jirani mmoja alipita akaniona nimelala mchana peupe. Nilifungua jicho moja, nikamsalimia, nikalifunga.

Halafu bomba likatengenezwa, maji yakarudi, na zamu ya kwanza ya usiku ilikuwa yangu. Hapo ndipo vita vyenyewe vilikuwa. Waru zilikuwa zimeanza kuweka maua. Nilisimama nimeshika tochi mlangoni, na hakuna mtu aliyenizuia. Nikairudisha tochi kwenye msumari wake, na asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti kumwambia sitaweza tena.

Yaliyobaki mnayajua. Mlikasirika, na mlikuwa na haki, kwa maana niliwazoesha vibaya. Lakini mlikaa chini mkapanga upya. Sasa usiku unagawanywa mara mbili, wawili wawili, na hakuna mtu anayeshika usiku mbili mfululizo. Wajane na wenye watoto wachanga wamepewa mchana. Mimi nina usiku mmoja kwa wiki mbili, na kesho yake nalala mchana bila kujificha. Tangu hapo nimeugua mafua mara moja. Yalikaa siku tatu, yakaenda, sikuyaona tena.

Kwa hivyo nasema asante. Asante kwa yule daktari mdogo aliyeweka kalamu chini. Asante kwa mke wangu, ambaye ameketi pale na hataki nimwangalie. Asante kwa mkaza mwanangu, aliyevumilia kununa kwangu, akaniita siku aliponihitaji. Asante kwa jirani wa pampu. Na asanteni ninyi wa laini ya nne, kwa maana peke yangu ningeiacha ile tochi wiki moja tu na kuichukua tena.

Somo langu ni fupi. Sikatai kazi. Ukiugua, nenda hospitali, usije ukasema mzee alituambia tulale tu. Lakini homa ikikurudia kila mara, kabla hujalaumu baridi ya mlima na kabla hujamnunia mtu wa nyumba yako, jihesabie masaa uliyolala. Na ukimwona mwenzako amelala mchana baada ya zamu, usiingie kuuliza ameandikiwa dawa gani. Hiyo ndiyo dawa anakunywa.

Mengi ningeweza kuongeza, lakini jua linashuka, na kuna mtu nyumbani ambaye siku hizi hakubali kufumba macho mpaka nifike. Mwenyekiti, nimeangalia orodha pale mlangoni. Maji ya leo usiku ni yako. Koti ulilokuja nalo ni jepesi, nitakuazima langu. Sisi wawili wa jina moja tutakuwa tumelala.